Amri Isiyouliza

Jina lake lina herufi tisa, RUNSQLSTM, na kazi yake ni moja: kufungua faili la maandishi, kusoma kauli za SQL zilizoandikwa humo moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza. Haimwulizi mtu kama ana uhakika. Haionyeshi onyo kwa rangi nyekundu. Ukibonyeza Enter inaanza, na ikimaliza inaacha ripoti kwenye foleni ya printa.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikutana nayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika idara ya TEHAMA ya benki moja ya Dar es Salaam. Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kiasi kwamba opereta wa zamu ya usiku alikuja kazini na sweta, katika jiji ambalo mtu akivaa sweta anaulizwa kama ana homa. Katikati ya chumba hicho ilikaa mashine nyeusi isiyozidi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kila kitu cha benki kilikuwa humo: akaunti, mikopo, hundi, mishahara ya wafanyakazi wenyewe.

Mashine hiyo ilikuwa AS/400. IBM waliitangaza tarehe 21 Juni 1988, na ilitengenezwa Rochester, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ikiwa mrithi wa System/36 na System/38. Baadaye iliitwa iSeries, kisha System i, na tangu 2008 mfumo wake wa uendeshaji unaitwa IBM i na unakaa kwenye seva za Power. Mafundi hawakujali. Waliendelea kusema AS/400, na wengi wanasema hivyo hadi leo. Haikuwa kubwa kama mitambo ya serikali na mabenki makuu ya Ulaya, wala ndogo kama kompyuta ya mezani. Ilikuwa ya kati, kwa biashara za kati, na sifa yake kubwa ni kwamba hifadhidata haikununuliwa kando na kupachikwa juu: ilizaliwa ndani ya mfumo wa uendeshaji.

Ndiyo maana iliingia benki. Sheria ya mabenki ya Tanzania ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi, wawekezaji walihitaji programu zilizokwisha kujaribiwa kwingine, na baadhi ya programu mashuhuri za kibenki duniani wakati huo, Equation na Midas zikiwemo, ziliendeshwa kwenye mashine hii. Ukinunua programu, mashine inakuja nayo.

Kiongozi wa zamu alikuwa mama wa makamo ambaye vijana wote walimwita Shangazi. Alikuwa ameanzia kwenye System/36, na aliandika kwenye skrini ya kijani bila kutazama vidole. Kanuni yake kwa wageni wa idara ilikuwa fupi: hakuna kauli ya SQL itakayogusa data ya wateja ikiwa imeandikwa papo kwa papo. Iandikwe kwanza kwenye memba, yaani sehemu yenye jina lake, ya faili la QSQLSRC, ichapishwe, isomwe na mtu mwingine, ndipo itekelezwe kwa RUNSQLSTM.

Vijana waliona huo ni urasimu. Mashine ilikuwa na STRSQL, skrini ya mazungumzo ambapo unaandika kauli na kuona jibu hapo hapo. Isitoshe, STRSQL ina adabu. Ukiandika UPDATE au DELETE isiyo na WHERE, sharti la kuchagua rekodi, inasimama na kukuonya kwamba unataka kubadilisha rekodi zote za faili, kisha inasubiri uthibitishe. RUNSQLSTM haina adabu hiyo. Sasa usalama uko wapi?

"Shikamoo Shangazi. Hii si ndiyo ya hatari zaidi?"

"Marahaba. Ile inakuuliza saa saba usiku, umeshachoka, unataka kwenda kulala. Utasema ndiyo. Hii unaisoma mchana ukiwa na akili zako."

Hoja hiyo ndiyo iliyobaki. Kinga ya STRSQL imewekwa dakika ile ambayo mwanadamu hafai kuulizwa kitu, na kilichoandikwa pale kinaishia kwenye kikao cha mtu mmoja. Memba inabaki. Kesho mkaguzi akiuliza nani alibadilisha viwango vya riba vya tawi fulani, kuna maandishi, kuna tarehe pembeni ya kila mstari, na kuna ripoti inayoonyesha kauli ipi ilipita na ipi iligoma. RUNSQLSTM imehamisha uangalifu kutoka kwenye kutenda hadi kwenye kusoma. Kama hakuna anayesoma, basi kwa kweli ni amri ya hatari kuliko zote.

Siku moja ililetwa skripti kutoka kwa kampuni ya nje iliyokuwa na mkataba wa kurekebisha mfumo. Kazi ilikuwa kuziwekea alama akaunti zilizolala, zile ambazo wenyewe hawajazigusa kwa muda mrefu. Kiini chake kilikuwa mistari miwili:

UPDATE AKAUNTI SET HALI = 'L' ;
WHERE TRHMWISHO < 20010101 ;

Msomaji asiyejua SQL aitazame nukta mkato mwishoni mwa mstari wa kwanza. RUNSQLSTM hutenganisha kauli kwa alama hiyo. Kwa hiyo mashine ingeona kauli mbili. Ya kwanza ni kamili na sahihi kabisa: weka herufi L kwenye kila akaunti ya benki, matawi yote, bila kubagua. Ya pili ni kipande kisicho na kichwa, na ingekataliwa kwa ujumbe SQL0104, uzito 30. Lakini ingekataliwa baada ya ya kwanza kupita.

Shangazi aliigundua bila hata kuvaa miwani, kwa sababu kabla ya kusoma chochote alikuwa na desturi ya kuendesha memba kwa PROCESS(*SYN). Kigezo hicho huiambia amri ikague sarufi tu, isitekeleze. Ripoti ikatoka na SQL0104 kwenye mstari wa WHERE, naye akachukua kalamu akazungushia duara nukta mkato iliyokuwa juu yake. Skripti ilirudishwa kwa wenyewe mchana ule ule. Asubuhi iliyofuata matawi yalifunguliwa kama kawaida, wateja wakachukua fedha zao, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na habari.

Ukaguzi wa sarufi una mpaka wake. Unajua kama kauli imekamilika. Haujui kama ndiyo uliyokusudia. Na hapo ndipo unapoingia mtego mwingine, wa zamani kuliko mashine yenyewe.

Faili la chanzo la kawaida kwenye AS/400 lina rekodi ya baiti 92: sita za namba ya mstari, sita za tarehe ya mabadiliko, na themanini za maandishi. Hizo themanini ni urithi wa kadi za kutoboa ambazo IBM walianza kuziuza mwaka 1928. Kwa kauli ndefu, mafundi wengi hutengeneza faili pana zaidi, lenye baiti 112, ili wapate nafasi mia moja za kuandikia. Tatizo ni kwamba RUNSQLSTM ina kigezo kiitwacho MARGINS, na kwa faili la chanzo thamani yake ya kawaida husoma kuanzia nafasi ya 1 hadi ya 80. Kilichoandikwa kuanzia nafasi ya 81 hakisomwi.

Tuseme mtu ameandika kwenye mstari mmoja mrefu DELETE ya miamala ya tawi fulani, na mwishoni, kupita nafasi ya 80, ameongeza sharti la AND linalosema mwaka uwe chini ya 1996. Tuseme pia, kama wengi wanavyopenda, nukta mkato ameiweka peke yake kwenye mstari unaofuata. Mashine itasoma DELETE, itasoma tawi, haitaona mwaka, itashuka chini na kukuta nukta mkato. Sarufi ni safi. PROCESS(*SYN) itasema hakuna kosa. Miamala yote ya tawi itafutika, ya zamani na ya jana.

Dawa yake katika idara ile ilikuwa hesabu. Juu ya kila kauli, baada ya vistari viwili vya maelezo, mwandishi wa skripti alitakiwa kuandika idadi ya safu anazotarajia kubadilisha, iliyopatikana kwa SELECT COUNT siku hiyo hiyo. Ripoti ya RUNSQLSTM hutaja safu ngapi zimebadilishwa, zimefutwa au zimeongezwa. Mtu alikaa na karatasi mbili, akalinganisha. Zikitofautiana hata kwa moja, mabadiliko yanarudishwa nyuma. Ni kinga ya kishamba, na mwandishi huyu hajaona inayoizidi.

Lakini maneno "yanarudishwa nyuma" yana sharti lake, na sharti hilo ndilo lililowagombanisha watu wa AS/400 kuliko jambo jingine lolote la SQL.

Kigezo cha COMMIT katika RUNSQLSTM kina thamani ya kawaida *CHG. Maana yake mabadiliko yanashikiliwa chini ya udhibiti wa miamala mpaka yathibitishwe; kukitokea kosa, yanarudishwa nyuma. Ili hilo liwezekane, jedwali lazima liwe linaandikiwa kwenye jenali, daftari la mfumo linalohifadhi sura ya rekodi kabla na baada ya kuguswa. Jedwali lililozaliwa kwa CREATE TABLE ndani ya skima ya SQL huingizwa kwenye jenali lenyewe. Faili lililotengenezwa kwa njia ya kale, kwa DDS na amri ya CRTPF, haliingizwi mpaka mtu aamue. Na benki zilizorithi programu za miaka ya themanini zilikuwa na mamia ya mafaili ya aina hiyo, kwa sababu enzi hizo diski ilikuwa ghali na jenali hula diski.

Kwa hiyo kijana anaandika skripti yake nzuri, anaiendesha, na anapokea SQL7008: jedwali halifai kwa operesheni hii. Anauliza jirani. Jirani, bila kuinua kichwa, anajibu: weka COMMIT(*NONE). Anaweka. Inapita. Kuanzia siku hiyo kila skripti yake ina *NONE, hata ile inayogusa majedwali yenye jenali, hata ile inayogusa salio la mteja.

Rudi sasa kwenye ile nukta mkato. Jedwali la akaunti likiwa kwenye jenali na COMMIT ikiwa *CHG, kauli ya kwanza ingebadilisha kila kitu, ya pili ingegoma kwa uzito 30, ambao unapita kiwango cha kawaida cha ERRLVL, yaani 10. Utekelezaji ungesimama, na mabadiliko ambayo hayajathibitishwa yangerudishwa nyuma. Kwa *NONE, utekelezaji ungesimama vilevile, ila akaunti zote zingekuwa zimeshalala. Tofauti kati ya usiku wa kawaida na kichwa cha habari gazetini ni neno hilo moja kwenye mstari wa amri.

Kuna mazingira ambayo *NONE ni halali, na Shangazi hakuwa na msimamo mkali katika jambo hilo. Aliikubali kwa sharti moja: faili linakiliwa kwanza zima kwa CRTDUPOBJ, data ikiwemo, na nakala inapewa jina lenye tarehe. Majina ya vitu kwenye mashine hii yana kikomo cha herufi kumi, kwa hiyo nakala ziliishia kuitwa AKNT0314 na mengine kama hayo, maktaba nzima ya majina yaliyofanana na namba za magari.

Umuhimu wa jenali ulieleweka vizuri zaidi mwaka 2006. Ukame ulishusha maji kwenye mabwawa ya umeme, Mtera likiwa mojawapo, na mgao ukawa sehemu ya maisha ya Tanzania. Kila chumba cha mitambo kilitegemea betri na jenereta, na jenereta ni kitu cha kuwashwa na mtu. Fikiria umeme unakatika katikati ya UPDATE inayoongeza riba, SALIO = SALIO * 1.02, ikiwa imefika nusu ya akaunti. Kama kulikuwa na udhibiti wa miamala, mfumo ukiwashwa tena hurudisha nyuma kila badiliko ambalo halikuthibitishwa, na kazi inaanza upya. Kama hakukuwa nao, nusu ya wateja wamepata riba, nusu hawajapata, na hakuna alama ya kutofautisha. Ukirudia skripti, nusu ya kwanza wanapata mara mbili.

Kutokana na hofu hiyo idara ilizoea kuandika kauli ambazo hata zikiendeshwa mara ya pili hazidhuru. Badala ya kuzidisha salio moja kwa moja, riba ilihesabiwa kwanza kwenye jedwali la pembeni, kila safu ikiwa na namba ya akaunti na tarehe, ufunguo usioruhusu kurudiwa. Kisha salio liliguswa kwa zile tu zisizokuwa na alama ya kuwa zimeshalipwa. Skripti ikawa ndefu mara tatu. Hakuna aliyelalamika.

Habari ya maktaba, yaani makundi ambamo mashine huhifadhi majedwali na vitu vyake vingine, nayo si ndogo. Kwa NAMING(*SYS), skripti inaweza kutaja jedwali bila kusema liko maktaba gani. Mashine hulitafuta kwa kufuata orodha ya maktaba ya kazi husika, na inachukua la kwanza inalolikuta. Ni utaratibu mzuri sana. Memba ile ile iliyojaribiwa kwenye maktaba ya majaribio inaendeshwa kwenye maktaba halisi bila kubadilishwa herufi, kwa hiyo kilichosomwa ndicho kilichotekelezwa. Lakini mwandishi aliwahi kusimuliwa juu ya mahali pengine ambapo skripti ya usafi, yenye DROP TABLE, ilitumwa usiku kwa amri ya SBMJOB chini ya maelezo ya kazi ambayo orodha yake ilianza na maktaba halisi. Fundi aliijaribu mchana kwenye kikao chake, ikafuta jedwali la majaribio kama alivyotaka. Usiku ilifuta jingine. Tangu aliposikia hayo, mwandishi huruhusu majina yasiyo na maktaba kwenye UPDATE na INSERT, lakini kwenye DROP hapana: maktaba itajwe.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mfumo unapotumia tarehe zenye mwaka wa tarakimu mbili, hutambua miaka ya 1940 hadi 2039 tu. Wastaafu waliozaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia, ambao benki ile iliwalipa pensheni, walionekana kwenye skrini za maulizo wakiwa na alama za kujumlisha mahali pa tarehe ya kuzaliwa, kana kwamba umri wao ulikuwa siri. Kwenye skripti, DATFMT(*ISO) ilimaliza shida hiyo. Ilichukua muda mtu kuifikiria, kwa kuwa vijana wote idarani walizaliwa ndani ya dirisha hilo na data yao ya majaribio pia.

Walalamikaji wakubwa wa RUNSQLSTM husema skripti yake haipokei vigezo: huwezi kuipa tarehe ya leo au namba ya tawi kutoka nje. Ni kweli, na wengi walikimbilia STRQMQRY, ambayo inapokea thamani kwa SETVAR. Wengine waliandika programu za RPG zinazotengeneza memba upya kila usiku kwa kubadilisha maneno ndani yake. Mwandishi huyu anakiri kuwa na upendeleo hapa. Skripti inayojitengeneza yenyewe usiku haijasomwa na mtu, na kama haijasomwa, ile faida yote iliyosemwa juu ya kalamu na karatasi imepotea. Upungufu huo, kwake, ni kinga ambayo huenda haikukusudiwa. Vilevile huwezi kuweka SELECT peke yake ndani ya memba na kutegemea majibu yachapwe. Ni amri ya kutenda, si ya kuuliza.

Kilichobadilika sana baadaye ni muda. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania 2008, na benki zilipoanza kuunganishwa na simu, usiku uliacha kuwa wa opereta peke yake. Mteja anahamisha fedha saa nane usiku akiwa kitandani. UPDATE kubwa inayoshikilia rekodi za akaunti kwa dakika ishirini sasa inamzuia mtu halisi, naye ana namba ya huduma kwa wateja. Skripti zikagawanywa vipande, COMMIT ikaandikwa ndani yake kila baada ya tawi moja, na ule ulinzi wa kurudisha vyote kwa mpigo ukabadilishwa na ulinzi wa kujua umeishia wapi.

Leo kijana anayeingia kwenye idara kama ile huenda asiione skrini ya kijani kwa wiki nzima. Anaandika SQL kwenye VS Code, anaihifadhi kwenye Git, na mwenzake anaisoma na kuweka maoni pembeni ya mstari, kazi ile ile ya kalamu ya Shangazi. RUNSQLSTM inasoma faili la kawaida kwa kigezo cha SRCSTMF, ambako ule ukuta wa nafasi ya 80 hauwapi tena watu taabu. Kuna RUNSQL pia, kwa kauli moja isiyohitaji memba. Hata hivyo COMMIT bado inaanza na *CHG, ERRLVL bado ni 10, mafaili ya CRTPF yasiyo na jenali bado yapo kwa maelfu, na kijana akipata SQL7008 akamwuliza jirani yake, jibu analopewa kwanza bado ni COMMIT(*NONE).